Marehemu Anatafuta Maegesho

Bado amesimama pale pale tulipomwacha, msomaji wangu. Katikati ya mtaa, injini ya pikapu inanguruma, mlango uko wazi, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mbele ya nyumba yake, mahali alipoegesha tangu nywele zake zingali nyeusi, limekaa gari dogo la bluu. Na kwenye kioo cha gari lile imebandikwa stika mpya ya wakazi, gundi haijakauka vizuri. Namba iliyoandikwa ni ya nyumba yake yeye.

Fundi Baridi akaisoma tena. Namba haikubadilika.

Kama umeingia leo katika hadithi hii, shika mawili tu usipotee. La kwanza, mtaa huu ni mwembamba na magari yamekuwa mengi kuliko milango. Manispaa imeamua anayeegesha ni mkazi tu, na kila nyumba inapata stika moja, hata wakae watu ishirini. Gari lisilo na stika linavutwa na brekdauni, kwisha. La pili, Baridi ni fundi wa mafriji, na karakana yake ndiyo hilo pikapu. Mitungi ya gesi, mabomba ya shaba, mashine za kunyonya hewa, vyote vinalala humo, naye analala navyo kuvilinda. Akiikosa nafasi ile mbele ya mlango wake, hana karakana. Hana karakana, hana kazi.

Sasa twende.

Honi zilianza nyuma yake, moja, kisha kundi zima. Mara akatokea yule mwanamke askari wa maegesho, kofia upande, filimbi mdomoni. Mtaa mzima humwita Mama Filimbi.

"Baridi! Unajifungua hapo au unafanya nini? Sogeza gari!"

"Nisogeze wapi? Hapa ni kwangu."

"Palikuwa kwako. Soma kioo."

"Nimesoma. Hiyo ni namba ya nyumba yangu!"

"Basi nyumba yako imepata stika yake. Hongera."

"Kiti changu kiko wapi?"

Mama Filimbi akaangalia pembeni.

Kiti hicho kilikuwa cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umefungwa waya. Kabla ya stika, mtaa ule uliendeshwa kwa viti. Ukitoka na gari unaacha kitu chako kwenye nafasi: ndoo, tairi bovu, debe la mchanga. Hakuna aliyegusa. Nimekaa miji mingi, nimeona watu wakiiba hata mfuniko wa shimo la maji machafu, lakini kiti kilichowekwa barabarani katika mtaa ule kilikuwa na heshima kuliko mwenye nyumba. Kiti cha Baridi kilishika nafasi hiyo miaka nenda, miaka rudi. Leo hakipo.

"Nimeuliza, kiti changu kiko wapi?"

"Mimi nasimamia magari," alisema Mama Filimbi. "Samani si idara yangu. Sikiliza, nenda ofisi ya mtaa kabla hawajafunga. Ila brekdauni ikitangulia kufika, mimi sikukuona na wewe hukuniona."

Alisema hayo akitazama viatu vyake. Ajabu! Mama Filimbi humkazia macho dereva mpaka dereva anakumbuka madhambi yake ya utotoni. Leo ana nini?

Baridi akainama kwenye dirisha la lile gari la bluu.

Chini ya usukani kulikuwa na viatu. Vyeusi, vya ngozi, vya kamba. Viatu vya kiume. Havikuwa vyake.

Akaupiga mlango wa nyumba yake. Mkewe ni mshonaji, na cherehani yake iko dirishani. Kuanzia asubuhi inalia mpaka majirani wameacha kuisikia. Leo haikusikika kwa sababu haikulia.

"Mama watoto! Fungua!"

Kimya.

Akalipandisha pikapu nusu juu ya ukingo wa barabara, akaanza kukimbia kuelekea ofisini. Lakini hakufika hata mlango wa pili. Hapo ndipo alipo rafiki yake mpenzi, Kinyozi, anayekula naye sahani moja, anayemnyoa bila kumuuliza anataka vipi. Asubuhi ile ile alikuwa amemnyoa. Poda bado ilimnukia shingoni. Baridi alitupa jicho ndani ya duka akaganda.

Mteja mmoja alikuwa amekaa anasubiri zamu. Amekalia kiti cheupe. Mguu mmoja una waya.

"Kinyozi! Kiti changu kinafanya nini kwako?"

"Aa, Baridi! Nilikuokolea. Mvua ilikuwa inakuja."

Baridi akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama shuka, haijatoa hata tone tangu mwezi uliopita.

Lakini hakuwa na muda. Akakimbia.

*

Ofisi ya mtaa ina dirisha moja lenye tundu la kupitisha mkono, na nyuma ya tundu kuna karani mwembamba, mwenye feni inayompepea yeye peke yake.

"Namba ya nyumba?"

Baridi akaitaja. Uso wa karani ukalainika.

"Ah! Pole sana, mzee wangu."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba. Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Marehemu yupi?"

"Mwenye nyumba. Yule fundi wa mafriji. Mjane wake alifika hapa wiki iliyopita. Mama mstaarabu sana, hata hakupiga kelele."

Baridi akashika ukingo wa dirisha.

"Fundi wa mafriji ni mimi."

"Wa nyumba hiyo?"

"Wa nyumba hiyo!"

Karani akaegemea nyuma, akamtazama kuanzia utosini hadi mahali ambapo ukuta ulimkata.

"Haiwezekani," alisema kwa upole. "Wewe umekufa."

"Nimekufa na nini?"

"Inasemekana ulilala kwenye pikapu, hukuamka."

"Anasema nani?"

"Jirani aliyeapa. Hapa hatudai makaratasi mengi, nusu ya mtaa hawana. Stika anapewa mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya akifariki anapewa mjane, jirani mmoja akija kuapa. Jirani alikuja, akaweka mkono kifuani. Machozi yalimtoka, mpaka nikampa kitambaa changu."

"Jirani gani?"

"Yule kinyozi."

Msomaji wangu, Baridi alipeleka mkono shingoni. Poda ya asubuhi ikamganda vidoleni.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mimi niko hai. Chukua sindano unichome. Damu itatoka."

"Mzee, damu si uthibitisho wa makazi."

"Unataka nini basi?"

"Kiapo hufutwa na aliyeapa. Mlete huyo kinyozi hapa, aseme mbele yangu kuwa ndiye wewe, nami nitaifuta stika ya mjane nikupe yako. Lakini iwe leo. Nikifunga hili dirisha, imekwisha mpaka mwaka mwingine. Na pole tena."

*

Alirudi mbio, ulimi nje. Na nani anamkuta mtaani?

Mkewe. Amesimama nyuma ya lile gari la bluu, buti iko wazi, anapakia marobota ya mapazia aliyoshona. Funguo zinaning'inia kidoleni mwake kana kwamba amezaliwa nazo.

Baridi akasimama. Kifua kinapanda kinashuka.

"Shikamoo, mjane," alisema.

Mwanamke hakushtuka. Alisukuma robota ndani, akafunga buti, akakung'uta nyuzi kwenye gauni.

"Kumbe umeshafika ofisini."

"Nimefika. Nimepewa pole."

"Karani yule ana adabu."

"Gari la nani hili?"

"Langu."

"Wewe hujui kuendesha!"

"Najua tangu mvua zilizopita. Mama Filimbi alinifundisha, pale mwisho wa mtaa, mchana. Wewe umelala kwenye pikapu, kofia usoni. Nimekupita mara ngapi! Siku moja nilikupigia honi. Ukasema, 'Pita, mama, njia nyeupe,' hata jicho hukufumbua."

Kutoka dirisha la juu mtu akacheka, kisha akafunga dirisha haraka. Baridi akainua macho. Mtaa mzima, kumbe! Mtaa mzima uliona, ukajua, ukamsalimia kila asubuhi kama kawaida. Walikuwa wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Kwa nini?" aliuliza. "Kwa nini unizike?"

"Nilikuomba pikapu. Unakumbuka? Nilipata kazi ya mapazia ya nyumba ya wageni, nikakuomba unipelekee. Ulisema nini?"

Baridi alikumbuka. Alikuwa amesema pikapu lake si la matambara.

"Nikabeba kichwani," aliendelea mkewe. "Safari baada ya safari. Nikajiwekea akiba, nikanunua hiki kigari kibovu, nikakificha kwa dada yangu. Kisha zikaja stika. Ukanituma mimi nikaulizie, eti wewe huna muda wa makaratasi. Nilikwenda. Karani akasema mume mwenyewe aje. Nikakwambia. Ukasema wiki ijayo. Nikarudi, nikakwambia. Ukasema kiti kinatosha. Mara ya tatu karani akaniambia, 'Mama, bila mume haiwezekani, labda ungekuwa mjane.' Nikafikiri njia nzima. Nikaona mbona sitofautiani sana na mjane? Mume wangu analala barabarani."

"Ninalinda mali!"

"Unalinda bomba. Ndani ya nyumba kuna mtu."

Hapo, msomaji, palikuwa na mlango. Mimi nilidhani angeingia. Neno moja tu, 'nimekosea,' lingetosha, na leo hadithi ingeishia hapa, tukanywa chai. Lakini Baridi macho yalimwangukia tena chini ya usukani. Vile viatu. Vyeusi, vya kamba.

Damu ikampanda.

"Akiba!" alifoka. "Akiba ya sindano inanunua gari? Sema mwanamume gani amekununulia! Viatu vyake hivyo hapo, kavisahau!"

Mama Filimbi, aliyekuwa akija, akasimama.

"Rudia," alisema mkewe.

"Mwanamume gani?"

Mkewe alifungua mlango wa gari, akakaa kitini miguu ikiwa nje. Akavua ndara moja, akavua ya pili. Akachukua vile viatu vyeusi, akaviingiza miguuni taratibu, akafunga kamba. Vilimkaa sawasawa.

"Ndara zinateleza kwenye breki," alisema. "Nilinunua vya kiume kwa sababu vina soli bapa."

Baridi akazitazama zile soli.

"Kwa karani ulikuwa umekufa kwa ajili ya stika tu. Leo jioni nilitaka nikuketishe nikueleze, ufoke, kisha tucheke. Nilikupikia." Akawasha gari. "Sasa umekufa na kwangu."

Akalitoa lile gari kwenye nafasi ile finyu kwa mzunguko mmoja, bila kugusa huku wala kule, akaondoka. Mama Filimbi alishindwa kujizuia.

"Umeona alivyokata kona?" alimwambia Baridi. "Hivyo ndivyo nilivyomfundisha."

*

Nafasi ikabaki tupu.

Ilikuwa mbele ya mlango wake, na doa la mafuta la pikapu lake bado lipo chini, jeusi, la miaka. Baridi akaitazama. Nawe ungekuwa umeegesha pale maisha yako yote, ungefanya alichofanya. Mwili wenyewe ulimpeleka. Akapanda pikapu, akarudi nyuma, akapinda, akaingia. Matairi yakakaa pale pale yalipozoea. Akazima injini, na kwa muda mfupi sana akajisikia mtu mwenye kwao.

"Baridi," alisema Mama Filimbi kwa sauti ya chini. "Usiniwekee mtihani huu. Ungeliacha pale ukingoni ningezuga sijaliona. Hapa ni nafasi ya stika."

"Narudi sasa hivi na stika yangu."

Akafunga mlango, akashika funguo mkononi, akaingia kwa Kinyozi. Yule mteja wa kiti alikuwa ameshapanda kwenye kiti cha kunyolea, povu limemjaa kidevu. Baridi akakaa kwenye kiti chake cheupe, akavusha mguu juu ya mguu.

"Asubuhi uliponinyoa," alisema, "ulikuwa unaniosha maiti?"

Wembe ukasimama hewani.

"Nani kafa?" aliuliza yule mteja.

"Mimi."

"Aa. Pole, mzee."

"Baridi, ngoja nikueleze," alianza Kinyozi.

"Nieleze! Ulilia mpaka ukapewa kitambaa! Mke wangu amekuomba unizike, nawe ukachukua jembe! Sisi si ndugu? Watoto wangu hawakuiti baba mdogo? Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Basi kwa nini?"

Kinyozi akaweka wembe mezani. Akajifuta mikono polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Angalia nje," alisema. "Unaona nini?"

Baridi akaangalia. Mkia wa pikapu lake ulikuwa umejaza kioo cha duka zima. Mitungi, mabomba, mlango wa friji lililokufa zamani.

"Naona pikapu langu."

"Mimi nimeliona hilo hilo tangu nifungue duka hili. Nimeandika jina la duka kwa rangi nyekundu, hakuna aliyewahi kulisoma. Mteja mgeni akinipigia simu, duka lako liko wapi, namwambia liko nyuma ya mafriji. Mkeo alipokuja na habari ya kigari kidogo, nilikwenda nikakipima kwa hatua zangu. Kinaishia kwenye mlango wenu. Kioo changu kinabaki wazi. Baridi, nililia kweli pale kwa karani. Lakini nusu ya machozi yale yalikuwa ya furaha."

"Ungeniambia!"

"Kila jioni nilisema kesho nitamwambia. Unaingia, unakaa, unanitania, nacheka. Ningeanzia wapi?"

Baridi akasimama. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kinyozi kuliko kelele.

"Yaani hilo umekaa nalo kifuani miaka yote hiyo. Na wembe uko shingoni mwangu."

Povu la yule mteja lilianza kumdondokea shati.

"Twende ukafute," alisema Baridi. "Nitakata mkia wa pikapu kwa msumeno nikilazimika. Nitalipindua liangalie kule. Lakini twende ukaseme niko hai. Nikikosa stika leo, zana zangu zinalala kwenye yadi ya manispaa, na mimi nimekwisha. Wewe unajua."

Kinyozi akamtazama rafiki yake. Macho yakamlegea. Akavua aproni, akaitundika msumarini.

"Twende," alisema.

"Na mimi je?" alilalamika mteja. "Upande mmoja umebaki!"

"Nisubiri. Kuna mtu namfufua."

*

Walitembea bega kwa bega kama zamani. Baridi moyo ulianza kutulia. Alifikia hata kutania, kwamba akifufuka atadai rambirambi zake zote. Kinyozi akacheka.

Simu ya Kinyozi ikalia.

"Halo? Ndiyo, shemeji." Akapunguza mwendo. "Niko njiani. Ndiyo, niko naye." Akasikiliza. Uso ukabadilika. "Alisema hivyo? Mbele za watu?" Akamtupia Baridi jicho la pembeni. "Hapana, hakuniambia hilo. Aliniambia la stika tu. Nimeelewa, shemeji. Nimeelewa."

Akairudisha simu mfukoni.

"Amesemaje?" aliuliza Baridi.

"Anasema tuharakishe, ofisi inafungwa."

Kwa nini mkewe aharakishe jambo litakalomnyima stika? Mimi na wewe tungejiuliza. Baridi hakujiuliza. Mtu anayezama akiona mkono hauulizi una pete gani. Akaongeza mwendo tu, na Kinyozi akamfuata nyuma.

Walifika karani ameshika komeo la dirisha.

"Ngoja! Ngoja, mwanangu! Nimemleta!"

Karani akashusha pumzi, akalifungua tena. Mlangoni alisimama askari wa ofisi, anapiga miayo, anasubiri kufunga geti.

"Haya. Bwana Kinyozi, wewe ndiye uliyeapa kuwa fundi amefariki?"

"Ndiyo mimi."

"Mtu huyu anadai ndiye fundi mwenyewe. Mtazame vizuri. Unamjua?"

Baridi akajinyoosha, akafunga kifungo cha juu cha shati, kama anayepigwa picha.

Kinyozi akamtazama. Akatazama kichwa alichokinyoa asubuhi. Akatazama sikio ambalo aliwahi kulikata kwa bahati mbaya, wakacheka wiki nzima. Akatazama kila mahali isipokuwa machoni.

"Simjui," alisema.

Feni ikazunguka.

"Ila," aliongeza Kinyozi, akimeza mate, "anafanana sana na marehemu."

"Kinyozi!" Baridi alimkamata kola. "Umeninyoa leo! Poda yako hii hapa! Nusa! Mwanangu, nusa shingo yangu!"

"Nanyoa watu wengi," alisema Kinyozi kwa sauti ya kufa. "Ulimtukana mke wako mbele ya mtaa mzima, mzee. Fundi niliyemjua mimi hakuwa mtu wa hivyo."

Askari akaja, akawatenganisha. Karani alikuwa ameshasimama.

"Mzee, kujifanya maiti wa watu ili upate stika ni kosa. Tena kosa baya. Lakini sitaki kukuonea. Bahati nzuri mfiwa mwenyewe yumo humu."

Baridi akageuka.

Nyuma ya mlango kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa mkewe, mkoba magotini, amevaa viatu vyeusi vya kamba. Alikuwa hapo tangu mwanzo. Amesikia yote.

"Mama," alisema karani, "nisamehe kukutonesha kidonda. Njoo umtazame huyu. Unamjua?"

Alinyanyuka, akaja karibu, karibu kabisa, mpaka Baridi akasikia harufu ya nyuzi na mafuta ya cherehani. Harufu ya nyumbani kwake. Akasahau maneno yote aliyoyapanga. Alikunja tu mkono wa shati, akamnyooshea mkono wa kulia. Kwenye kifundo kulikuwa na kovu refu, pale moto wa kuchomelea ulipompata. Mwanamke huyu ndiye aliyelifunga bandeji jeraha hilo, asubuhi na jioni, mpaka likapona.

"Mama watoto," alinong'ona. "Nimekosea."

Mkewe akalitazama kovu. Akaligusa kwa kidole kimoja, taratibu.

"Namjua," alisema.

Baridi pumzi zikamtoka zote. Akamgeukia Kinyozi kwa ushindi, akamgeukia karani, akacheka, machozi yanamtoka.

"Umesikia? Ananijua! Amesema ananijua!"

"Namjua," alirudia mkewe, naye sasa alimtazama karani, si yeye. "Ndiye huyu anayezunguka mjini na pikapu la marehemu mume wangu."

Nje ikasikika kengele ya mitungi ikigongana. Wote wakageukia mlango uliokuwa wazi. Brekdauni ya manispaa ilipita polepole, taa ya njano ikizunguka, na nyuma yake, pua juu kama samaki aliyenaswa, pikapu la Fundi Baridi likivutwa na zana zake zote ndani.

"Ndilo lile?" aliuliza karani.

"Ndilo lile," alijibu mjane.

Askari akaacha kupiga miayo. Akamwekea Baridi mkono begani, mkono mzito, akatazama ngumi yake ya kushoto iliyokuwa imefumbwa muda wote huo, ncha ya funguo ikichungulia kati ya vidole.

"Fungua mkono, mzee," alisema. "Hizo umezipata wapi?"